Kasha Lililofungwa kwa Sarafu za Kale: Kinga, Cheti na Bei

Mkusanyaji wa sarafu anapoanza kupata vipande vyenye thamani, hukabiliwa mapema na swali moja zito: je, azipeleke sarafu zake zikapimwe na kufungiwa katika yale makasha magumu ya plastiki yasiyofunguka bila kuvunjwa, ambayo wakusanyaji wengi huyaita slabu, au aendelee kuzihifadhi mwenyewe katika vifuko, kadi na kapsuli, yaani vikasha vidogo vya kufunguka vya sarafu moja moja? Majibu anayoyapata kwa wenzake hupingana vikali. Wapo wanaoamini kwamba sarafu isiyo na kasha haiwezi kupata bei ya haki, na wapo wanaoona kwamba sarafu isiyoweza kushikwa imekwisha kupoteza nusu ya maana yake. Wanapingana hivyo kwa sababu kasha hilo hufanya kazi tatu kwa pamoja, na kila mmoja huitazama ile inayomhusu: hushuhudia kwamba sarafu ni halisi, hutaja daraja la ubora wake, na huikinga. Nitakachokitetea hapa, kwa kutumia zaidi sarafu za Afrika Mashariki, ni kwamba kasha hilo ni cheti kwanza na kinga baadaye. Anayelitafuta kwa ajili ya kinga peke yake hulipa fedha nyingi kwa kitu ambacho angekipata kwa bei ndogo, na hata hivyo kinga anayoipata si kamili.

Historia ya makasha haya inalionyesha jambo hilo wazi. Biashara ya sarafu nchini Marekani ilisumbuliwa kwa miaka mingi na ugomvi juu ya ubora, kwa kuwa muuzaji alisema sarafu haijapita katika mzunguko na mnunuzi akaona alama za kuchakaa. Mwaka 1949 mtaalamu wa sarafu William Sheldon alipendekeza kipimo cha namba kuanzia 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, akikusudia namba ilingane na bei, yaani sarafu ya daraja la 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya daraja la 1. Uwiano huo wa bei haukudumu, lakini kipimo kilibaki na kikaenea kwa sarafu za kila aina, ambapo 60 hadi 70 ni sarafu zisizotumika kabisa na namba za chini yake ni zilizopita mikononi mwa watu. Mwaka 1986 kampuni ya PCGS ilianza kupima sarafu kwa wingi na kuzifungia katika plastiki pamoja na lebo yenye jina, daraja na namba ya cheti, na mwaka uliofuata NGC ikaanza kazi hiyo hiyo. Mnunuzi aliye mbali aliweza sasa kulipia sarafu ambayo hajaiona. Ni dhahiri basi kwamba plastiki iliwekwa ili sarafu na lebo yake visitenganishwe, mtu asije akahamisha lebo ya sarafu nzuri akaiweka juu ya sarafu mbaya. Ugomvi wa mnunuzi na muuzaji ndio uliolizaa kasha hili, na wasiwasi juu ya kutu ulikuja nyuma yake.

Kwa hiyo ni lazima tuiangalie kinga yenyewe kwa makini, hasa sisi tunaoishi pwani au karibu na maziwa makuu. Kila metali ina adui wake. Fedha huwa nyeusi inapokutana na gesi zenye salfa. Ile harufu ya tope la mikoko wakati maji yamekupwa inatokana na gesi hiyo hiyo inayoiharibu sarafu ya fedha kabatini. Shaba nyekundu hupoteza wekundu wake na kuwa kahawia kwa hewa ya kawaida, lakini ikipata chumvi, iwe ya upepo wa bahari au ya jasho la vidole, huota madoa ya kijani ambayo huendelea kuila kwa ndani. Dhahabu safi haidhuriki na hewa, ingawa dhahabu iliyochanganywa na shaba nyingi inaweza kupata madoa. Katika yote haya unyevu ndio mchochezi mkuu, na Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja zina unyevu mwingi karibu mwaka mzima.

Kasha lililofungwa linafanya nini mbele ya maadui hao? Linazuia vidole, mikwaruzo, kuanguka na kugongana na sarafu nyingine, na plastiki yake imechaguliwa kwa kuwa haitoi kemikali za kuidhuru metali. Hayo ni mambo makubwa. Hata hivyo kasha hilo halizuii hewa kabisa, wala kampuni zinazoyatengeneza hazidai hivyo. Hewa hupenya polepole, na unyevu na gesi hupenya pamoja nayo. Ndiyo maana sarafu ya shaba iliyofungwa ikiwa nyekundu inaweza kuonekana kahawia baada ya miaka kadhaa ikiwa ndani ya kasha lile lile, na ndiyo maana dhamana za kampuni huwekewa mipaka inapohusu rangi ya shaba. Tena sarafu iliyofungwa ikiwa na mabaki ya jasho au mafuta juu yake hukaa na mabaki hayo humo ndani, bila mtu kuweza kuigusa. Mwenye sarafu zilizofungwa anayeziweka katika kabati la chumba chenye unyevu amezilinda dhidi ya mikono yake mwenyewe tu, na chumba kinaendelea kuzidhuru taratibu.

Hatari iliyo kubwa kuliko hewa, kwa uzoefu wa wakusanyaji wengi, ni vifaa vibaya vya kuhifadhia, na hapa inafaa kukaa kidogo. Vifuko laini vya plastiki vinavyopindika kwa urahisi na kunuka kama pazia jipya la bafuni mara nyingi hutengenezwa kwa PVC. Plastiki hiyo huchanganywa na vilainishi ambavyo hutoka polepole na kutua juu ya sarafu, na inapochakaa hutoa asidi ya hidrokloriki. Ukiitoa sarafu iliyokaa humo kwa muda mrefu, utaona utando wa kijani unaonata, mwingi zaidi pale ambapo plastiki iligusa sehemu zilizoinuka, kama shavu la mfalme au kingo za herufi. Ukigunduliwa mapema, utando huo huweza kuondolewa kwa kuilaza sarafu ndani ya asetoni safi katika chombo cha kioo, bila kusugua, mahali penye hewa ya kutosha na mbali na moto. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai, kwa sababu mara nyingi ina mafuta na manukato. Ukichelewa, utakuta metali ya chini yake imeshalika, na hakuna dawa ya kurudisha kilicholika.

Mpira wa kufungia noti nao hutengenezwa kwa salfa, na ukizungushwa kwenye mafungu ya shilingi za zamani za fedha huacha mstari mweusi ulionyooka kama uliochorwa. Magazeti, karatasi za kaki, sanduku la mbao lililopakwa vanishi karibuni na vidonge vya kufukuza mende vyote havifai kukaa na sarafu. Sanduku la mbao linapendeza sebuleni, lakini lisiwe makazi ya kudumu ya shaba na fedha isipokuwa kila sarafu ina kapsuli yake.

Kinga nzuri isiyo na gharama kubwa inapatikana. Vifuko vya plastiki ngumu ya Mylar visivyo na vilainishi, kadi zenye dirisha la plastiki hiyo hiyo, au kapsuli za akriliki zinazofunguka kwa mkono hufanya kazi ya kuzuia vidole na mikwaruzo karibu sawa na kasha lililofungwa. Vifuko vya Mylar hukakamaa na kukwaruza, kwa hiyo sarafu isitolewe na kurudishwa mara kwa mara. Pini za kadi nazo zibanwe kabisa kwa koleo ili ncha zake zisikwaruze sarafu ya jirani. Kisha vyote viwekwe ndani ya boksi la plastiki gumu lenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za silika jeli ambazo hukaushwa au kubadilishwa kila zinapojaa unyevu. Boksi lisikae jikoni, karibu na bafu, wala kwenye ukuta wa nje unaonyeshewa mvua. Anayetumia kiyoyozi akumbuke pia kwamba sarafu baridi ikitolewa ghafla kwenye joto la nje hujaa umande, kama inavyoonekana kwenye miwani. Mwenye sarafu zilizofungwa naye anahitaji boksi hilo hilo na silika hiyo hiyo. Ndiyo maana nasema kinga peke yake si hoja ya kutosha ya kufungisha sarafu.

Hoja ya cheti ni tofauti, na hapa kasha linastahili heshima yake yote. Chukua sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Koloni la Wajerumani lilikuwa limezingirwa na manowari za Uingereza, pesa hazikuweza kuingia kutoka Berlin, na dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ulioko Singida ya leo, ikapelekwa kwenye karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa sarafu: upande mmoja tai wa Ujerumani, upande mwingine tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Zilipigwa 16,198 tu, na mwezi Septemba mwaka huo huo mji ukaingiliwa na jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo. Ni sarafu ndogo kwa umbo, yenye historia inayotugusa moja kwa moja, na inatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya, Marekani na Afrika. Kwa sababu hiyo hiyo imeghushiwa, na baadhi ya nakala zimetengenezwa kwa dhahabu ya kweli, hivyo hata sonara akiipima metali hatapata jibu. Ipo pia tofauti kati ya aina mbili za mchoro, ambapo pambo la pembeni huishia chini ya herufi T au chini ya herufi A katika neno OSTAFRIKA, jambo ambalo mgeni hawezi kulitambua bila kuelekezwa. Hewa haiwezi kuiumiza sana dhahabu hii, kwa hiyo kasha haliipi kinga ya maana ya kikemia. Linachoipa ni ushuhuda wa mtu wa tatu asiyenunua wala kuuza, na kwa sarafu kama hiyo ushuhuda huo una thamani kuliko ada yake. Ningemshauri yeyote anayekusudia kuiuza, au kuinunua kwa mtu asiyemfahamu, asiende bila cheti.

Sasa ilinganishe na riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye sura ya mtawala huyo wa Austria, ambayo ilizunguka Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu kwa muda mrefu. Sarafu hiyo hubeba mwaka 1780 daima, ingawa imepigwa upya katika miji mbalimbali kwa zaidi ya karne mbili na bado hutengenezwa Vienna. Kuitambua ilipigwa wapi na lini kunategemea vitu vidogo: idadi ya manyoya katika mkia wa tai, lulu za kipini cha bega, na hasa ukingo wake, ambao una maneno ya Kilatini ya haki na huruma yaliyoinuliwa kati ya mapambo. Mtaalamu huizungusha polepole kati ya vidole viwili, akausoma ukingo wote, kisha akaiweka kwenye mizani kuona kama inakaribia gramu 28.07. Katika kasha la kawaida ukingo umefichwa sehemu kubwa na mizani haina kazi. Yapo makasha yanayoachia ukingo uonekane, lakini hata hayo hayaruhusu kupima uzito. Anayeisoma sarafu hii kwa ajili ya elimu anapoteza mengi ikifungwa. Na kwa kuwa riale nyingi za kupigwa upya zina bei iliyo karibu na thamani ya fedha iliyomo, ada ya kufungisha inaweza kumeza faida yote.

Kwa sarafu za kawaida uamuzi ni mwepesi. Shilingi ya Tanzania ya mwaka 1966 yenye mkono ulioshika mwenge, senti 50 yenye sungura, senti 20 yenye mbuni, na senti tano yenye samaki na kingo kumi na mbili zinapatikana kwa wingi, na kadi yenye dirisha inazitosha. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, yenye mizani, ya mwaka 1299 wa Hijria, nayo bado inapatikana kwa bei ya kawaida ikiwa imechakaa. Kinachostahili kufikiriwa ni ile adimu iliyobaki na wekundu wake, au riale ya fedha ya sultani huyo huyo, ambayo huonekana kwa nadra kuliko pesa yake. Sarafu za Tanzania za mwaka 1974 za uhifadhi wa wanyama, ambazo ni shilingi 25 na 50 za fedha na shilingi 1,500 ya dhahabu, ziuzwe na zihifadhiwe pamoja na boksi lake la asili ikiwa lipo, kwa sababu boksi hilo ni sehemu ya historia yake.

Kabla ya kulipa ada yoyote, mwenye sarafu ajiulize kama imewahi kusafishwa. Katika nyumba nyingi sarafu ya shaba husuguliwa kwa ndimu, ukwaju na majivu, au dawa ya kung'arishia sinia, na hutoka ikiwa na rangi ya waridi isiyo ya asili pamoja na mistari myembamba inayoelekea upande mmoja. Rupia na riale nyingi za pwani ziliunganishwa pia na pete ndogo ili zivaliwe shingoni, kisha pete zikaondolewa na kovu likapigwa msasa. Wapimaji huyaona mambo hayo. Sarafu ya namna hiyo hurudi ndani ya kasha bila namba, ikiwa na maneno yanayosema kwamba ni halisi lakini imesafishwa au imeharibiwa, na mnunuzi huyasoma maneno hayo kabla ya kitu kingine chochote. Kwa sarafu adimu sana ushuhuda wa uhalisi bado una faida. Kwa sarafu ya wastani ni hasara tupu.

Namba yenyewe inahitaji akili. Daraja ni maoni ya watu wenye uzoefu, na watu hao hao wanaweza kuipa sarafu ile ile 64 leo na 65 baadaye; pale ambapo namba moja hubadilisha bei kwa kiasi kikubwa, wafanyabiashara huvunja makasha na kupeleka sarafu tena na tena wakitafuta bahati. Matokeo yake ni kwamba hesabu zinazochapishwa na kampuni kuhusu idadi ya sarafu za kila daraja huweza kuhesabu sarafu moja zaidi ya mara moja. Kwa sarafu za Afrika Mashariki upotofu huenda upande wa pili. Wachache tu wamezipeleka kupimwa, kwa hiyo lebo inayotangaza kwamba hii ndiyo bora kuliko zote zilizopimwa inaweza kumaanisha kwamba ni bora kati ya chache sana, wakati nyingine nzuri zaidi zimelala kwenye makopo ya bibi zetu kutoka Lamu hadi Kilwa. Mnunuzi asilipe bei ya uadimu ambao umetokana tu na watu kutopeleka sarafu zao kupimwa.

Kupeleka kwenyewe kuna uzito kwa mtu aliye huku. Ofisi za kampuni kubwa ziko Marekani, Ulaya na Asia, na ada hupanda kadiri thamani iliyotangazwa ya sarafu inavyopanda. Juu yake kuna usafirishaji wa kwenda na kurudi, bima na forodha. Zaidi ya hayo kuna sheria, ambayo wakusanyaji wengi huisahau. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inavilinda vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Sarafu za masultani wa Kilwa zimo ndani ya sheria hiyo bila shaka yoyote, na binafsi naona ni sawa kabisa zibaki hapa. Kenya, kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, imeweka mpaka katika mwaka 1895, kwa hiyo hata sarafu ya Mombasa ya mwaka 1888 iliyotolewa na kampuni ya Waingereza inahitaji kibali. Zanzibar ina sheria yake. Anayetaka kupeleka sarafu ya zamani nje kwa ajili ya kupimwa aanze na ofisi ya mambo ya kale au ya makumbusho ya nchi yake. Na mwenye riale ya Maria Theresa ajiandae kueleza kwa nini sarafu iliyoandikwa 1780 haikupigwa mwaka huo.

Anayenunua sarafu iliyokwisha kufungwa anakabiliwa na tatizo jingine, kwa kuwa makasha yenyewe yameghushiwa pamoja na lebo zake. Namba ya cheti ihakikishwe kwenye tovuti ya kampuni husika, na pale ambapo kuna picha, ilinganishwe na sarafu iliyo mkononi kwa alama ndogondogo: mkwaruzo wa shavuni, doa la pembeni, mahali herufi ilipofifia. Mwizi mwangalifu hunakili namba halali kutoka kwenye mnada, hivyo namba kukubaliwa hakutoshi bila picha kufanana. Kasha lenye ufa pembeni au ukungu kwenye mshono lichunguzwe kwa kioo cha kukuzia kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Jambo la mwisho la kupimwa katika uamuzi huu ni warithi. Mkusanyaji anayejua sarafu zake hahitaji lebo, lakini mjane au mwanawe asiyefahamu chochote anaweza kuiuza rupia 15 ya Tabora kwa uzito wa dhahabu kwa sonara wa kwanza atakayemkuta. Kwa vipande viwili vitatu vilivyo vya thamani kuu katika mkusanyiko, kasha lenye jina na namba huwasaidia watu hao kwa namna ambayo kifuko hakiwezi. Kwa vilivyobaki, daftari lenye picha, uzito, tarehe ya kununua na bei iliyolipwa, lililohifadhiwa mbali na boksi la sarafu na kujulikana na mtu mmoja wa kuaminika, linafanya kazi hiyo hiyo. Na kama siku moja mwenye sarafu akiamua kulivunja kasha ili aisome sarafu kwa mkono, apige picha za pande zote mbili kabla, afanye kazi juu ya kitambaa kinene, aivunje plastiki kuanzia pembeni kwa koleo badala ya kuigonga katikati, na aihifadhi lebo pamoja na daftari, akiandika tarehe aliyoitoa.